Yamaha PW50: miaka mitatu, watoto wawili na skrubu moja

Karibu na kishikio cha mkono wa kulia cha Yamaha PW50, pikipiki ndogo ya watoto, pale kebo ya eksileta inapoingilia, pana skrubu fupi yenye nati ya kuizuia isilegee. Ukiikaza, mtoto hawezi kuvuta mafuta kupita kiasi ulichomwekea, hata akikunja kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Ukiilegeza, injini humpa zaidi. Nimeitumia pikipiki hii kwa miaka mitatu na watoto wawili, binti yangu aliyeanza akiwa na miaka mitano na nusu, na mdogo wake aliyeanza akiwa ametimiza minne na miezi kadhaa. Kama ningetakiwa kutaja sababu moja tu ya kumshauri mzazi mwenzangu aichague miongoni mwa pikipiki ndogo za matopeni, ningeitaja skrubu hiyo kabla ya injini na kabla ya jina la mtengenezaji.

Sikuifikia kwa njia fupi. Pikipiki ya kwanza niliyomnunulia binti yangu ilikuwa ya bei nafuu, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba kama mashine ya kukatia nyasi, na kwenye boksi lake iliandikwa kwamba ni ya watoto. Klachi yake, kile kinachounganisha injini na gurudumu, haikujua kushika polepole: ama ilikuwa haijashika kabisa, ama imeshika yote kwa mara moja na gurudumu la mbele linataka kunyanyuka. Eksileta ukiiachia ilichelewa kurudi. Niliijaribu mwenyewe, magoti yakinigonga kidevuni, mita kama thelathini hivi, nikaizima na kuirudisha stoo, na mtoto hakuipanda tena. Fedha ile ilikwenda na maji, lakini ilinifundisha kwamba chombo cha mtoto hakipimwi kwa udogo wake wa nje. Kinapimwa kwa namna kinavyopokea kosa la mkono ambao bado haujajua kinachofanya.

PW50 ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mtu akiweka ya zamani kando ya ile inayouzwa sasa ataona kwamba kimsingi ni mashine ileile. Injini yake ni ya mipigo miwili, cc 49, inayopozwa kwa upepo, na inawashwa kwa kupiga kiki. Haina gia za kubadilisha wala mkono wa klachi. Klachi yake hujishika yenyewe injini inapoongeza mzunguko na kujiachia inapopungua. Mtoto hana la kufanya ila kuvuta mafuta, kuachia na kushika breki. Nguvu haifiki gurudumu la nyuma kwa cheni bali kwa shafti iliyofungiwa ndani ya kasha lake, na jambo hili, ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka kama suala la kupunguza matengenezo, kwangu ni suala la vidole. Mtoto wa miaka minne akiona kitu kinazunguka hukishika. Kwenye pikipiki hii hakuna cheni ya kushika, wala meno ya sproketi ya kunasa kamba ya kiatu.

Kiti kipo sentimita 47.5 kutoka chini, na pikipiki nzima, ikiwa na mafuta, ina uzito wa kilo 41. Tarakimu hizi mbili ndizo ningemwomba kila mzazi azipime nyumbani kabla hajafungua pochi. Mvishe mtoto buti atakazoendeshea, mwegemeze ukutani, kisha pima kutoka sakafuni hadi juu kabisa ya paja kwa ndani. Ikiwa kipimo hicho ni kidogo kuliko urefu wa kiti, mtoto atagusa ardhi kwa ncha za vidole, na mtoto anayegusa kwa ncha za vidole huanguka akiwa amesimama, mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote ya kuanguka. Kwa anayeanza, nyayo zote mbili zinatakiwa zilale chini kabisa na magoti yabaki yamekunjika kidogo. Pikipiki ya kukua nayo, kama shati la shule linalonunuliwa kubwa ili lidumu, ni kosa ambalo wengi wetu hulifanya kwa sababu ya kubana matumizi, na hulipwa na magoti ya mtoto.

Kuhusu uzito, usidanganyike na udogo wa umbo. Binti yangu alipoanza alikuwa na kilo 19, kwa hiyo alikuwa anaendesha kitu chenye uzito zaidi ya mara mbili ya wake. Hakuweza kuinyanyua ilipolala, na kwa mwaka mzima wa kwanza kazi hiyo ilikuwa yangu. Anayenunua akidhani kwamba atakaa kivulini na kumtazama mtoto kwa mbali hajajua anachonunua. Katika miezi ya mwanzo mzazi hukimbia kuliko pikipiki.

Kuna sharti moja ambalo halimo kwenye karatasi za muuzaji, nalo ni baiskeli. Mtoto ambaye hajaweza kuendesha baiskeli ya magurudumu mawili bila vijigurudumu vya pembeni, akageuka anapotaka na kusimama anapoambiwa, hayuko tayari kwa injini, awe na umri wowote. Binti yangu alianzia kwenye kibaiskeli kisicho na pedali, kile ambacho mtoto hukisukuma kwa miguu na kisha kuinua miguu na kuacha kiteleze, na alipofika kwenye PW50 mizani ilikuwa imeshakaa mwilini mwake. Alichobakiza kujifunza ni mkono wa kulia tu. Wapo wanaofunga vijigurudumu vya pembeni kwenye pikipiki yenyewe ili kuruka hatua hiyo. Mimi sivitaki. Pikipiki hugeuka kwa kulala upande inakoelekea, na vijigurudumu huizuia kulala, hivyo mtoto huzoea kuegemea upande usio wenyewe. Siku unapoviondoa, unaanza kwa kumfundisha kusahau.

Hapa ndipo mpangilio wa breki wa PW50 unaponipendeza kuliko nilivyotarajia. Breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ziko mikononi, kama za baiskeli. Mikono ya breki ni mifupi, imekaa karibu na vishikio, na kidole cha mtoto kinaifikia bila kuhangaika. Ni breki za dramu, hazina ukali, na kwa mwendo wa mashine hii huo ni wema, maana breki kali ya mbele mkononi mwa mtoto anayeogopa humwangusha papo hapo.

Siku ya kwanza hatukuwasha injini kabisa. Nilimpandisha, nikasukuma kwa nyuma kwenye uwanja wa nyasi ulio tambarare, na kila nilipotamka neno "simama" alitakiwa kubana breki zote mbili na kuweka miguu chini. Tulirudia hivyo hadi mimi nikachoka kabla yake. Wazazi wengi huanza na kuvuta mafuta kwa sababu ndiyo furaha yenyewe, na breki huja baadaye kama adhabu. Mtoto wa namna hiyo akitishika, mkono wake hauna pa kukimbilia. Anayejua kusimama kwanza hutafuta kusimama anapoogopa.

Siku ya pili tuliwasha. Swichi iliyo kwenye usukani ina nafasi tatu: kuzima, kuwasha na kuendesha. Ikiwa kwenye nafasi ya kuwasha, injini inanguruma taratibu lakini mtoto hawezi kuondoka nayo, kwa hiyo nilipata muda wa kumfungia helmeti vizuri, kurekebisha glavu na kumweleza tunachokwenda kufanya huku akizoea mtetemo na kelele chini ya mapaja yake. Mtoto anayekutana na kelele na mwendo kwa wakati mmoja hasikii neno lako hata moja. Mashine hii humruhusu akutane na kimoja kwanza.

Kabla ya kuhamishia swichi kwenye kuendesha, kagua kwamba injini ikiwa haijavutwa mafuta gurudumu la nyuma halijivuti lenyewe. Klachi ya aina hii hushika kwa kadiri ya mzunguko wa injini, na ikiwa mzunguko wa chini umewekwa juu mno, pikipiki itatambaa mbele hata mtoto akiwa ameachia kila kitu. Kurekebisha ni kazi ya bisibisi na dakika mbili, lakini asiyejua hulaumu mtoto.

Nilikaza skrubu ya eksileta mpaka pikipiki ikaweza kwenda kwa mwendo wa mimi kutembea kwa haraka, nikashika sehemu ya nyuma ya kiti, na tukaanza. Ndani ya kasha la eksileta kuna nafasi ndogo tu iliyobaki, na kidole chako kikiwa juu ya mkono wa mtoto unaihisi inavyogota. Watengenezaji wameweka pia kizuizi kwenye ekzosi, cha kubana pumzi ya injini, na hicho nilikiacha kwa mwaka mzima. Mtoto hakuona kwamba amebaniwa. Kwake ule ulikuwa mwendo wa pikipiki.

Sasa nieleze kosa langu. Baada ya wiki tatu alikuwa anazunguka vizuri kati ya alama nilizoziweka, anasimama pale pale ninapomwambia, na mimi nikavimba kichwa. Asubuhi moja nililegeza skrubu mizunguko kadhaa kwa mpigo badala ya nusu mzunguko, na kwa kuwa tulikuwa tumechelewa sikuijaribu mwenyewe kwanza kwa kuinyanyua gurudumu la nyuma na kuvuta mafuta. Akapanda, akavuta kwa kiasi alichozoea, na pikipiki ikamtoka. Kinachotokea hapo kila mwalimu wa pikipiki anakijua. Mwili hurushwa nyuma, mikono hung'ang'ania vishikio ili usianguke, na kwa kung'ang'ania huko kifundo cha mkono wa kulia hushuka na kuzidi kufungua mafuta. Kadiri mtoto anavyoogopa ndivyo anavyovuta, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyoogopa. Nilimwona viwiko vimenyooka, kidevu kimeinuka, miguu imetoka kwenye vikanyagio inapepea. Alikwenda mita kama kumi na tano, akaingia kwenye majani marefu ya pembezoni, pikipiki ikalala na injini ikazimika. Alikuwa mzima. Aliketi, akafungua kioo cha miwani yake kilichojaa mbegu za nyasi, akaniambia, "Baba, haikunisubiri."

Sikuwa na la kujibu, maana ilikuwa kweli. Kuanzia hapo nilijiwekea utaratibu wa kulegeza skrubu robo mzunguko, si zaidi, na kamwe si siku ileile ambayo mtoto amefanya vizuri, kwa sababu siku hiyo mzazi naye huwa amelewa sifa. Nililazimika kuikaza tena mpaka mwanzo, na ilimchukua vipindi vinne kurudisha mkono wake mahali pake. Niliongeza pia zoezi la kushika kishikio: kifundo kiwe chini na bapa wakati eksileta imefungwa, kidole kimoja au viwili viwe juu ya breki wakati wote, kiwiko kiwe kimeinuka kidogo. Mtoto akiwa amelaza vidole juu ya breki, hawezi kukunja ngumi yote kwenye eksileta.

Jambo ambalo PW50 haina, na ambalo ningelipenda liwemo tangu kiwandani, ni kamba ya kuzimia, ile inayofungwa mkononi mwa mwendeshaji ili akianguka ichomoke na kuzima injini. Zinapatikana za kufungwa baadaye, na fundi yeyote anayeelewa waya za swichi ataiweka. Yangu niliirefusha kwa siku za kwanza nikaishika mwenyewe nikikimbia nyuma. Nilionekana kama mtu anayemchunga mbuzi, lakini niliivuta mara mbili, na mara zote mbili nilifurahi kuwa nayo.

Kuhusu mavazi nitasema machache ila kwenye helmeti, ambapo watu wengi hukosea kwa upendo. Helmeti ya kukua nayo haipo. Kichwa cha mtoto ni kizito kulinganisha na shingo yake, na helmeti pana huongeza uzito huo na kisha huzunguka anapoanguka, ikimfunika macho au ikiacha sehemu wazi. Ipasayo hubana mashavu mpaka yanasogea mdomoni kidogo, na ukiishika ukaitikisa, ngozi ya paji la uso hutikisika pamoja nayo. Tafuta ya ukubwa wa mtoto, yenye lebo ya kiwango cha usalama kinachotambulika, mfano ECE 22.06, na usinunue ambayo tayari imewahi kuanguka na mtu, maana povu la ndani hupondeka mara moja kisha halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Buti ziwe ndefu na zipite kifundo cha mguu. Injini hii huchoma, na bomba la ekzosi lipo karibu na mguu kuliko ningependa, kwa hiyo suruali ndefu nzito ni lazima hata kwenye joto. Glavu, vikinga magoti na viwiko, kikinga kifua, basi.

Vipindi vyetu vilikuwa vya dakika kumi na tano hadi ishirini. Mikono ya mtoto huchoka kabla mdomo wake haujakubali, na ajali za kipumbavu huja kwenye zile dakika tano za "mara ya mwisho tu". Dalili niliyojifunza kuiangalia ni miguu: anapoanza kuiburuza badala ya kuirudisha kwenye vikanyagio, zima injini.

Je, ziko pikipiki nyingine zinazostahili kufikiriwa? Ziko. Honda CRF50F, ambayo ilichukua jina hilo mwaka 2004 baada ya XR50R, na ambayo ukoo wake unarudi hadi kwenye Z50 za miaka ya nyuma, ina injini ya mipigo minne, gia tatu na klachi inayojiendesha. Nayo ina skrubu ya kubana eksileta. Kiti chake kiko karibu sentimita 55 na uzito wake ni kama kilo 50. Ni mashine tulivu, haina moshi, na humfundisha mtoto kubadilisha gia kwa mguu na kutumia breki ya nyuma ya mguu, mambo ambayo PW50 haimfundishi hata kidogo. Kwa mtoto wa miaka sita au saba mwenye miguu mirefu, ambaye baiskeli ameshaimudu vya kutosha, huenda ningeruka PW50 na kuanzia hapo. Yamaha wenyewe wana TT-R50E ya aina hiyohiyo, inayowashwa kwa kitufe, lakini nayo ni nzito zaidi. Tofauti ya kilo kumi haisikiki mtu mzima anaposoma karatasi. Mtoto wa kilo 19 huisikia kwenye kila kona.

KTM 50 SX usiiguse kwa anayeanza. Ni mashine nzuri sana, na ndiyo maana usiiguse. Imetengenezwa kwa mashindano ya watoto wanaojua tayari, injini yake inapozwa kwa maji na inaamka kwa hasira, na hakuna mzazi atakayeshinda kishawishi cha kumwona mwanawe amepanda kitu kile.

Zipo pia za umeme, na hapa maoni yangu yamebadilika. Mwanzo nilizidharau kama vidude vya kuchezea. Stacyc, kampuni ambayo Harley-Davidson waliinunua mwaka 2019, hutengeneza kibaiskeli kisicho na pedali chenye mota, na kile kidogo, 12eDrive, kina kiti cha sentimita 33 hivi na uzito usiofika kilo nane. Mtoto anaanza kwa kukisukuma kwa miguu umeme ukiwa umezimwa, na kisha mzazi anachagua kimojawapo kati ya viwango vitatu vya mwendo, cha chini kabisa kikiwa kama kilomita 8 kwa saa. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne naona kimeishinda PW50, na mwanangu wa pili nilimwazimia kimoja kwa miezi miwili kabla hajapanda pikipiki ya dada yake. Alijifunza eksileta kwenye kitu anachoweza kukinyanyua mwenyewe. OSET, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kununuliwa na Triumph mwaka 2022, ilitengeneza pikipiki za umeme zenye vitufe vya kuzungusha vya kupunguza nguvu, mwendo na ukali wa mwitikio, kila kimoja peke yake. Hiyo ni skrubu yangu ikiwa imegawanywa mara tatu, na sina budi kukiri kwamba ni bora.

Ila umeme una hatari yake mahususi. Injini ya mafuta hukukumbusha kwa kelele kwamba iko hai. Pikipiki ya umeme iliyowashwa hukaa kimya kama meza, na mtoto aliyesimama kando yake akiishikilia anaweza kuvuta eksileta kwa mchezo, ikamponyoka. Mwanangu alifanya hivyo mara moja, na kibaiskeli kikaenda kugonga ndoo bila yeye. Tangu siku hiyo kanuni ikawa kwamba mguu ukishuka, umeme unazimwa.

Mzazi anayesoma haya anapaswa kujua pia kwamba si kila mjuzi anakubali jambo hili lenyewe. American Academy of Pediatrics, jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani, imeshauri kwamba watoto ambao hawajafikia umri wa kupewa leseni ya gari wasiruhusiwe kuendesha vyombo vya moto vya nje ya barabara, vikiwemo vya magurudumu mawili. Kwa upande mwingine, Motorcycle Safety Foundation ya hukohuko, inayoendesha mafunzo yaitwayo DirtBike School, hupokea watoto kuanzia miaka 6. Mama yao alisimama na madaktari kwa miezi kadhaa, nami sikuwa na hoja ya kumshinda, na mpaka leo sina. Tulikubaliana kwa masharti: uwanja uliofungwa na tambarare, mtoto mmoja kwa wakati mmoja, hakuna abiria, hakuna mashindano, na mtu mzima asiye na simu mkononi. Sharti la simu lilikuwa lake na ndilo gumu kuliko yote.

Nikirudi kwenye PW50, kasoro zake si za kufichwa. Shokapu zake ni fupi mno. Za mbele hushuka sentimita sita tu na za nyuma tano, kwa hiyo kwenye ardhi yenye mashimo humpiga mtoto matako na kwenye kijituta chochote hugota. Usiwaze kuruka nayo. Vikanyagio vimekaa karibu na kiti, na mtoto akirefuka hawezi kusimama vizuri, ilhali kusimama juu ya vikanyagio ndilo somo la kwanza la kweli la njia mbaya. Kiki yake ni ngumu kwa mtoto, na yangu nimeipiga maelfu ya mara. Inatoa moshi na harufu inayobaki kwenye nguo. Oili ya injini haichanganywi na petroli kwa mkono, ina tangi lake na pampu yake inayojipimia, na urahisi huo una mtego: mzazi hukumbuka petroli kwa sababu pikipiki huzimika ikiisha, lakini oili ikiisha haizimiki mpaka pistoni imeshakwama. Kagua kila unapojaza petroli, hata kama ulikagua jana.

Na hudumu muda mfupi mkononi mwa mtoto mmoja. Miaka minne hadi saba ndio umri wake, na binti yangu alipokaribia saba na nusu magoti yalikuwa yanagusa usukani anapogeuka. Kilichonifariji ni kwamba mashine yenyewe haichoki. Ya kwangu niliinunua kwa mtu ambaye watoto wake wawili walikuwa wameimaliza, na kazi niliyoifanya ilikuwa kubadilisha plagi, kusafisha kabureta, kubadilisha oili ya kasha la gia za nyuma, na kuweka viatu vipya vya breki. Ukinunua iliyotumika, angalia mambo matatu: eksileta irudi yenyewe kwa kishindo usukani ukiwa umegeuzwa kulia na kushoto, kizuizi cha ekzosi kiwepo bado, kwa kuwa wengi hukitoa na kukitupa, na skrubu ile iwe inazunguka, haijashika kutu.

Binti yangu sasa yuko kwenye pikipiki yenye gia. Wiki tatu za kwanza aliikosa breki ya nyuma, akibana mkono wa kushoto ambako hakuna kitu, na hiyo ni gharama ya PW50 niliyoijua tangu mwanzo na ambayo naona ilistahili kulipwa. Mdogo wake amerithi PW50 pamoja na michubuko yake yote. Siku nilipomkabidhi nilichukua bisibisi na spana ndogo nikaikaza skrubu mpaka mwisho, dada yake akiwa ameinama kando yangu anahesabu mizunguko kwa sauti. Nilipomaliza, akaomba bisibisi, akajaribu mwenyewe kama imekaza, kisha akaniambia niinyanyue gurudumu la nyuma tuijaribu kwanza.